Viza ya Mwenza wa Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waombaji wa Dar es Salaam

Ukurasa huu unamhusu Mtanzania aliyeko Dar es Salaam ambaye mume, mke, mchumba au mwenza wake ni raia wa Uingereza au ana ukaazi wa kudumu kule, na anataka kumfuata wakaishi pamoja. Nchi nyingine zina taratibu zao. Ujerumani, kwa mfano, humtaka mwenza awe na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1 (ya mwanzo kabisa), na wengi wa hapa husomea na kufanyia mtihani Goethe-Institut. Usichukue orodha ya nchi moja ukaipeleka nyingine.

Afisa wa viza hakujui wala hamjui mwenzako. Kilicho mbele yake ni karatasi, na kazi yake ni kuangalia kama zote zinasema jambo moja: jina lile lile, tarehe zile zile, kiasi kile kile cha fedha. Wanandoa wa kweli kabisa hunyimwa viza kwa sababu slipu ya mshahara inasema hivi na taarifa ya benki inasema vile.

Viza hii hudumu muda gani?

Ukiomba ukiwa Tanzania kama mke, mume au mwenza, unapewa miaka 2 na miezi 9. Kabla haijaisha unaomba nyongeza ya miaka 2 na nusu ukiwa kule kule, na ukifikisha miaka 5 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Unaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Usichoruhusiwa ni kupokea misaada ya fedha ya serikali.

Hatujafunga ndoa. Tunaweza kuomba?

Ndiyo, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya wenza wasiooana. Zamani mlitakiwa kuthibitisha kwamba mmekaa nyumba moja miaka 2. Tangu tarehe 31 Januari 2024 kinachotakiwa ni uhusiano unaofanana na ndoa uliodumu angalau miaka 2. Kama hamkukaa pamoja muda wote, mtaeleza kwa nini (kazi, viza, masomo) na kuonyesha jinsi mlivyoendelea kuwa pamoja. Hata hivyo ushahidi wa kuishi pamoja bado una uzito mkubwa, na hapo ndipo wakazi wa Dar wanapokwama: LUKU na bili ya maji viko kwa jina la mwenye nyumba, na kodi ya miezi 6 imelipwa taslimu. Mkiwa bado mnapanga, hakikisheni mkataba una majina yenu wote wawili, kodi ilipwe kupitia benki au simu, na anwani ile ile iandikwe kwenye taarifa za benki za kila mmoja. Barua ya serikali ya mtaa inasaidia kama nyongeza. Peke yake haitoshi.

Ya pili ni viza ya mchumba. Hudumu miezi 6, mnafunga ndoa kule ndani ya muda huo, halafu unaomba kubaki. Huruhusiwi kufanya kazi mpaka ombi la pili likubaliwe, na ada unalipa mara mbili. Kwa walio wengi ni nafuu zaidi kufunga ndoa hapa kwanza.

Wengine huuliza kuhusu ile dhana ya ndoa iliyo katika kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa, kwamba watu waliokaa pamoja miaka 2 na kujulikana kama mke na mume huchukuliwa wameoana. Usiitegemee. Bila cheti, omba kama mwenza asiyeoa au asiyeolewa.

Tukifunga ndoa Dar es Salaam, utaratibu ukoje?

Mnatoa taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla ya ndoa, iwe bomani, kanisani au msikitini. Tangazo hubandikwa, au husomwa kanisani, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msajili Mkuu anaweza kutoa leseni maalumu ya kufupisha muda huo, lakini msipange tiketi ya ndege kwa kuitegemea. Mgeni hutakiwa pia kuonyesha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Karatasi hiyo aanze kuishughulikia akiwa kwao, maana nayo ina muda wake wa kusubiri.

Kosa la kawaida ni mgeni kuja kwa likizo ya wiki 2 akitarajia kuondoka na cheti. Siku 21 hazitoshei katika wiki 2. Taarifa ianze kabla hajapanda ndege, na mwulizeni mapema msajili atakayewafungisha kuhusu karatasi anazozihitaji kutoka kwa mgeni.

Tulifunga ndoa msikitini au kanisani. Cheti tulichopewa kinatosha?

Inategemea ni cheti kipi. Kiongozi wa dini mwenye leseni ya kufungisha ndoa hujaza cheti cha serikali na kupeleka nakala RITA (wakala wa serikali wa usajili). Cheti cha urembo chenye nembo ya kanisa, au karatasi ya nikahi iliyoandikwa kwa mkono, si hicho. Ndoa isiyosajiliwa si lazima iwe batili kwa sheria ya Tanzania, ila huna cha kumwonyesha afisa.

Kabla ya kulipa ada yoyote ya viza, nenda RITA kahakiki kwamba ndoa yenu imo kwenye kumbukumbu zao. Hutokea mfungishaji akakaa na nakala ofisini mwake miezi mingi bila kuiwasilisha. Ndoa iliyofungwa Zanzibar husajiliwa na mamlaka ya Zanzibar, kwa hiyo usiitafute RITA.

Cheti chetu kimeandikwa ndoa ya wake wengi. Je, ni tatizo?

Si lazima. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa yaweza kuwa ya wake wengi hata kama mume ana mke mmoja tu na hana mpango wa kuongeza. Uingereza inaitambua ndoa ya aina hiyo mradi hakuna kati yenu aliyekuwa na ndoa nyingine siku mlipooana. Eleza hivyo waziwazi katika barua ya maelezo. Tatizo huanza pale mume mwenye makazi yake ya kisheria Uingereza anapokuwa na mke mwingine hai ambaye hawajaachana kisheria: ndoa ya pili haitambuliki, haidhuru sherehe ilikuwa kubwa kiasi gani.

Niliwahi kuolewa na nikapewa talaka. Nipeleke karatasi gani?

Amri ya mahakama ya kuvunja ndoa. Talaka iliyotamkwa, au iliyoandikwa mbele ya shehe, haijakamilisha safari ya kisheria Tanzania Bara. Shauri hupita baraza la usuluhishi la ndoa, kisha mahakama ndiyo inayotoa amri. Wapo waliopewa talaka miaka 10 iliyopita, wakaolewa tena, na leo hawana amri yoyote ya mahakama. Kwa mtu kama huyo, hatua ya kwanza ni kumwona wakili wa hapa kuhusu uhalali wa ndoa ya pili. Viza isubiri. Mwenzako naye, kama aliwahi kuoa au kuolewa, alete amri ya mwisho ya talaka ya kwao. Kwa mjane, ni cheti cha kifo.

Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la pasipoti. Nifanyeje?

Hili ni la kila siku. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, NIDA wameandika "Mohamed" na pasipoti inasema "Mohammed". Pasipoti ndiyo mhimili. Jina lililo humo ndilo liandikwe kwenye fomu, kwenye cheti cha kipimo cha kifua kikuu, kwenye mtihani wa Kiingereza na kwenye tiketi, herufi kwa herufi.

Tofauti ndogo ya tahajia hufafanuliwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Kama jina lenyewe lilibadilishwa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Na kama unataka kuanza kutumia jina la mume, subiri. Ukibadili pasipoti katikati ya safari, nyaraka nusu zitakuwa na jina la zamani na nusu na jipya, na umejitengenezea maswali kwa mkono wako mwenyewe. Ukihitaji pasipoti mpya, ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Iombe Uhamiaji kabla hujaanza fomu ya viza.

Kipato cha pauni 29,000 maana yake nini hasa?

Hapa ndipo maombi mengi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tangu tarehe 11 Aprili 2024 mdhamini, yaani mwenzako aliyeko Uingereza, anatakiwa kuonyesha kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Awali ilikuwa pauni 18,600, na walioomba kabla ya tarehe hiyo wanaendelea na kiwango cha zamani wanapoongeza muda na mwenza yule yule. Kwa ombi jipya, hakuna nyongeza kwa ajili ya watoto.

Njia rahisi ni ya mwajiriwa aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi 6 au zaidi. Anatoa slipu za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zinazoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri inayotaja kazi yake, mshahara wa mwaka, ameajiriwa tangu lini, amekuwa akilipwa kiwango hicho tangu lini, na mkataba wake ni wa aina gani. Barua inayosema tu "fulani ni mfanyakazi wetu mzuri" haina kazi.

Kwa mwenye mshahara uliopangwa wa mwezi, kinachoangaliwa ni kiwango cha chini kabisa alicholipwa ndani ya ile miezi 6. Pauni 29,000 gawa kwa 12 ni pauni 2,416.67 kwa mwezi. Mwezi mmoja akichukua likizo isiyo na malipo na mshahara ukashuka hadi pauni 2,100, hesabu nzima inaweza kuanguka hata kama miezi mingine 5 alipata 3,000. Dawa yake ni kusubiri mwezi huo utoke kwenye dirisha la miezi 6, au kuomba kwa njia ya miezi 12.

Njia ya miezi 12 ni ya aliyebadili kazi karibuni au mwenye kipato kinachopanda na kushuka. Lazima yatimie mambo mawili: kazi aliyonayo sasa iwe inafikia kiwango, na jumla ya aliyopata miezi 12 iliyopita nayo ifikie. Waliojiajiri wanatazamwa kwa mwaka mzima wa fedha, na nyaraka zao ni nyingi zaidi, zikiwemo za mamlaka ya kodi ya Uingereza. Mdhamini anayepokea baadhi ya posho za ulemavu, au posho ya kumtunza mlemavu, haulizwi pauni 29,000. Anaonyesha tu kwamba mtaweza kujikimu.

Kosa jingine: slipu inaonyesha mshahara halisi pauni 1,987.40, benki inaonyesha 1,887.40, kwa sababu mwajiri alikata mkopo wa tiketi ya treni na hakuna aliyeeleza. Pauni 100 hizo ziandikiwe maelezo kabla afisa hajaziuliza. Mara nyingi haulizi, anakataa.

Mimi nina duka Kariakoo linaloingiza vizuri. Kipato changu kinahesabiwa?

Hapana. Mshahara au faida ya biashara ya mwombaji aliye nje ya Uingereza haiingii kwenye hesabu, hata ingekuwa kubwa kuliko ya mdhamini.

Ila kodi ya nyumba inaingia. Kama una nyumba Mbezi au Tegeta unayoipangisha, na wenyewe hamkai humo, kodi yake inaweza kuongezwa kwenye kipato cha mwenzako. Utahitaji hati ya umiliki kwa jina lako, mkataba wa upangaji, na taarifa za benki za miezi 12 zinazoonyesha kodi ikiingia kwenye akaunti yako. Kodi unayopokea mkononi haionekani kwenye karatasi, na isiyoonekana haipo.

Akiba je?

Akiba ya mmoja wenu au ya wote wawili inaweza kuziba pengo. Fedha ziwe zimekaa miezi 6 katika benki inayosimamiwa kisheria, kwa jina lenu, na muweze kuzitoa wakati wowote. Mnaeleza zilitoka wapi. Pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi. Bila kipato chochote, mnahitaji pauni 88,500. Kama mdhamini anapata pauni 25,000, pengo ni 4,000. Zidisha kwa 2.5 upate 10,000, ongeza 16,000: mnahitaji pauni 26,000. Akiba haiwezi kuchanganywa na kipato cha kujiajiri.

Kiwanja si akiba. Ukikiuza, fedha zake zinaweza kuhesabiwa hata kama hazijakaa benki miezi 6, mradi uonyeshe kilikuwa mali yako katika kipindi hicho na nyaraka za mauzo zilingane na kilichoingia benki. Fedha za mchezo, za shangazi au za kikundi zilizowekwa wiki moja kabla ya kuomba haziwasaidii.

Kiingereza: nilisoma sekondari kwa Kiingereza. Bado nifanye mtihani?

Ndiyo. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa, na cheti cha kidato cha nne, cha sita au stashahada havikubaliki. Wanaosamehewa ni wenye umri wa miaka 65 au zaidi na wenye ulemavu unaowazuia kufanya mtihani.

Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza, kwa mfano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaweza kuitumia badala ya mtihani. Ila lazima kwanza ithibitishwe na taasisi ya Uingereza iitwayo Ecctis kwamba inalingana na shahada ya kule na ilifundishwa kwa Kiingereza. Kupakia cheti cha shahada peke yake bila uthibitisho huo ni kosa tunaloliona sana.

Asiye na shahada hufanya mtihani wa ngazi ya A1 wa kuzungumza na kusikiliza. Unaoulizwa zaidi ni IELTS Life Skills A1. Watahiniwa wawili huketi na mtahini mmoja kwa chini ya dakika 20 wakizungumzia familia, chakula, manunuzi, hali ya hewa. Matokeo ni kufaulu au kutofaulu, na cheti kinatumika miaka 2. Angalia kwanza kama kuna tarehe Dar es Salaam. Kama hakuna, tafuta kituo cha nchi jirani na uweke nauli kwenye bajeti. IELTS ya kawaida ambayo haijaandikwa kuwa ni ya UKVI (idara ya viza ya Uingereza) haikubaliki, hata ukipata alama za juu kabisa. Watu wamelipa mara mbili kwa sababu hii tu.

Kama unajiamini, fanya moja kwa moja ngazi ya A2 au B1, kwa kuwa nyongeza ya viza itadai A2 na ukaazi wa kudumu B1.

Kipimo cha kifua kikuu hufanyika wapi?

Kwa viza ya zaidi ya miezi 6, mkazi wa Tanzania lazima awe na cheti kutoka kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza. Kwa hapa ni ile ya IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamaji), Dar es Salaam. Cheti cha Muhimbili au cha hospitali binafsi hakikubaliki hata kama picha ya kifua ni ile ile. Kinatumika miezi 6. Picha ikiacha shaka, unapimwa makohozi, na majibu yanaweza kuchukua hadi wiki 8. Ndiyo maana kipimo kisiachwe wiki ya mwisho. Mjamzito aseme kabla ya kupigwa picha ili aelezwe njia nyingine alizonazo. Watoto walio chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi picha.

Tupeleke ushahidi gani wa uhusiano?

Kwanza, lazima mwe mmewahi kuonana ana kwa ana, na wote wawili mmefikisha miaka 18. Baada ya hapo, panga ushahidi kwa tarehe ili afisa asome hadithi bila kuuliza: mlivyokutana, safari zake za kuja Tanzania (tiketi, mihuri ya Uhamiaji kwenye pasipoti), ndoa, na mawasiliano tangu hapo hadi sasa.

Mambo ya kwetu yana nafasi. Barua ya posa, picha za siku ya mahari, send-off, kadi ya harusi yenye majina na tarehe: vyote vinaonyesha kwamba familia mbili zilihusika. Picha 15 hadi 20 zinatosha, kila moja na tarehe, mahali na nani yumo. Picha 300 za harusi moja zinathibitisha siku moja tu.

Kwa WhatsApp, chagua kurasa mbili tatu kwa kila mwezi, zenye tarehe zinazosomeka, pamoja na orodha ya simu mlizopigiana. Risiti za fedha alizokutumia ni nzuri. Taarifa ya M-Pesa yenye jina lako ni nzuri zaidi. Kama kuna kipindi cha ukimya, labda mligombana miezi 4, kielezeni kwa sentensi mbili. Pengo lisiloelezwa huonekana baya kuliko ugomvi wenyewe.

Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe?

Kila kisicho kwa Kiingereza au Kiwelisi lazima kiwe na tafsiri yenye tamko la mtafsiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. BAKITA hufanya kazi hii. Usitafsiri mwenyewe wala usimpe mwenzako anayejua Kiswahili. Kwa mazungumzo ya WhatsApp, tafsiri kurasa ulizochagua tu.

Mwenzangu anaishi kwa wazazi wake. Tutakataliwa?

Hapana, mradi kuna chumba chenu wenyewe na nyumba haitakuwa na msongamano. Wazazi waandike barua ya kuruhusu, itaje vyumba ni vingapi na nani wanakaa humo, iambatane na uthibitisho wa umiliki au mkataba. Kama amepanga, mkataba wake na barua ya mwenye nyumba inayokukubali.

Jumla ni shilingi ngapi?

Hesabu kwa pauni, shilingi hubadilika. Ada ya ombi kutoka nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938 kuanzia tarehe 9 Aprili 2025, na ada hizi hupenda kupanda kila Aprili, kwa hiyo hakikisha kwenye gov.uk siku unayolipa. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka. Kwa miaka 2 na miezi 9 unatozwa miaka 3 kamili, yaani pauni 3,105. Kwa kiwango hicho cha 2025, hizo mbili peke yake ni pauni 5,043, kabla ya mtihani, kipimo na tafsiri.

Malipo hufanyika mtandaoni kwa kadi. Kadi nyingi za benki zetu zina kikomo cha matumizi kwa siku, na nyingine hazijafunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni. Malipo hugoma katikati. Ongea na benki kabla, au mwenzako alipe kwa kadi yake. Inaruhusiwa.

Mpangilio wa hatua ukoje?

Anza na vinavyochelewa: cheti cha ndoa kuhakikiwa RITA, pasipoti, mtihani wa Kiingereza. Kisha kipimo cha kifua kikuu. Nyaraka za fedha ziwe za mwisho, kwa sababu zinafungwa na kanuni ya siku 28: slipu ya karibuni, taarifa ya benki na barua ya mwajiri visiwe na umri wa zaidi ya siku 28 siku unayotuma fomu na kulipa. Watu huanza na barua ya mwajiri kwa sababu ni rahisi, halafu wanasubiri mtihani miezi 2, na barua inakuwa imechacha.

Ukishalipa unapanga siku ya kwenda kituo cha kupokea maombi kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kabla ya siku hiyo pakia nyaraka zako mtandaoni. Skani kwa rangi, kurasa zote za taarifa ya benki zikiwemo tupu, faili moja kwa kila kundi, na jina la faili linaloeleweka. Picha ya simu iliyopigwa mezani, kivuli cha mkono kikiwa juu ya tarehe, ni kama hujapeleka kitu.

Majibu hesabu kwa miezi. Huduma ya haraka, inapopatikana, ni pauni 500 zaidi, na haifanyi ombi dhaifu likubaliwe. Usiache kazi wala usiuze vyombo kabla hujapata jibu.

Niliwahi kunyimwa viza ya Schengen. Niseme?

Sema. Fomu inauliza kuhusu kukataliwa na nchi yoyote, wakati wowote. Kunyimwa viza ya utalii hakuharibu ombi la mwenza. Kuficha ndiko kunakoharibu: udanganyifu unaweza kukufungia mlango kwa miaka 10. Nyaraka za kughushi nazo zinaweza kukufanya ukataliwe, hata kama aliyezitengeneza ni wakala na wewe hukujua.

Nina mtoto. Atakwenda nami?

Kama baba au mama yake ni raia wa Uingereza aliyezaliwa kule, mtoto huenda tayari ni raia wa Uingereza. Huyo anaombewa pasipoti. Viza haimhusu, na familia nyingi zimelipa maelfu bila sababu. Kwa mtoto wa uhusiano wa nyuma, lazima uthibitishe kwamba wewe ndiye unayebeba jukumu lote la malezi, au kuna sababu nzito za yeye kutobaki. Baba aliyeko Temeke anayelipa ada ya shule na kumchukua kila wikiendi anafanya hoja ya "jukumu lote" kuwa ngumu. Barua yake ya kuridhia ni muhimu ila haitoshi.

Si rahisi zaidi niende kwa viza ya kutembea, tuoane, nibaki?

Hapana. Aliyeingia kama mgeni hawezi kubadilisha akiwa ndani kwenda viza ya mwenza. Hata viza maalumu ya kwenda kufunga ndoa inakutaka uondoke.

Nimtumie wakala?

Kwa mwajiriwa mwenye kipato kilichonyooka na ndoa moja iliyosajiliwa, mnaweza wenyewe. Penye talaka, mtoto wa nje, kujiajiri au kukataliwa huko nyuma, lipia ushauri. Aliye Uingereza atumie wakili au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, iliyojulikana kama OISC hadi Januari 2025. Kishoka anayesema "nina mtu ubalozini" anakudanganya. Na usikubali mtu akujazie fomu bila kuisoma mstari kwa mstari: saini ni yako.

Nikikataliwa?

Soma barua ya kukataliwa mara tatu kabla ya kuhuzunika. Ada ya afya hurudishwa, ada ya viza hairudi. Kama kosa lilikuwa karatasi iliyokosekana, ombi jipya mara nyingi ni la haraka kuliko rufaa. Kama afisa amekosea sheria au hakuamini ndoa yenu licha ya ushahidi, kata rufaa. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28 tangu kupokea uamuzi, na ada ni pauni 80 bila kusikilizwa mbele ya jaji au 140 kwa kusikilizwa.

Je, nitapoteza uraia wa Tanzania?

Viza na ukaazi wa kudumu haviugusi. Unaupoteza pale mtu mzima anapochukua uraia wa nchi nyingine, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu uraia pacha. Wapo wanaoishi na ukaazi wa kudumu maisha yote kwa sababu hiyo.

Na mambo yakiharibika nikiwa kule?

Mkiachana kwa kawaida, msingi wa viza umeondoka, na utatakiwa kubadili viza au kurudi. Lakini kama ndoa imevunjika kwa ukatili, yaani kipigo, vitisho, kunyang'anywa fedha au kufichiwa pasipoti, sheria ina mlango wake. Unaweza kuomba kibali cha miezi 3 kinachoruhusu msaada wa serikali, na ndani yake ukaomba ukaazi wa kudumu bila kumtegemea mwenza. Mwenza hawezi "kukufutia viza" kwa simu moja, ingawa wengi hutishiwa hivyo. Kabla ya kusafiri, weka skani za pasipoti, cheti cha ndoa na barua ya viza kwenye barua pepe ambayo nywila yake unaijua wewe peke yako, na nakala nyingine kwa dada au mama hapa nyumbani.